Ofisi ya Issack Juu ya Ngamia

Kwa miaka saba niliishi ukuta mmoja na mgongo wa Issack Kulow. Nasema mgongo kwa sababu ndio uliokuwa bwana wa ile nyumba. Issack mwenyewe aliufuata tu. Mgongo ukisema leo hatuendi harusini, hawaendi. Ukitaka chai ya tangawizi, Ardo mkewe anawasha jiko hata kama ametoka kulizima.

Kazi ya Issack ilikuwa kupiga taipu. Alikaa nje ya ofisi za serikali hapa Garissa, juu ya debe lililopinduliwa, taipureta juu ya debe lingine, akiwaandikia watu shida zao. Huyu ameibiwa mbuzi, yule anaomba kitambulisho, mwingine anamshtaki chifu na anataka chifu huyo huyo agonge muhuri. Alijikunja pale kutwa nzima, na jioni alirudi mtaani akitazama ardhi. Wageni walidhani ni mtu mnyenyekevu. Sisi majirani tulijua kwamba hawezi kuinuka.

Mimi ni Mmunyoyaya wa kando ya mto, nauza mboga, watu wananiita Mama Zeituni. Nainama shambani tangu nikiwa msichana na sijawahi kumpigia mtu kelele juu ya mgongo wangu. Kwa hiyo msitarajie huruma nyingi kutoka kwangu.

Mambo yaliharibika siku alipopita daktari mmoja mgeni wa viungo, akampa Issack picha. Ilikuwa picha ya mtu ameketi mezani. Mgongo wima, viwiko vimekunjwa kama kona ya meza, nyayo zimelala chini, na uso wake una furaha ambayo mimi sijaiona kwa mtu yeyote aliye kazini. Issack aliikunja picha ile akaitia mfukoni mwa shati, na tangu hapo hakukalia kitu bila kuitoa na kulinganisha.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Habari zilienea kwamba maofisa wa vitambulisho watazunguka kaskazini, Wajir mpaka Buna, na huko wafugaji ni wengi lakini hakuna wa kuwapigia taipu maombi yao. Mzee Mustaf, baba mdogo wa Ardo anayefuga ngamia upande wa Buna, aliita kwa taar kusema watu wanamsubiri Issack. Taar ni ile redio ya mawimbi. Unaingia kwenye chumba, unaongea na ndugu aliye mbali, na kila aliye na redio kama hiyo kutoka hapa mpaka Mandera anasikiliza mambo yako.

"Nitakwenda," Issack akatuambia. "Nitafanya kazi huku nahama na watu. Lakini sibebi madebe tena. Safari hii natafuta fyombo fya kazi fya kubebeka, fyenye kuheshimu mgongo."

Ndivyo alivyosema, vyombo vyenye kuheshimu mgongo. Akaanza kuvitafuta, na sisi tukaanza kuona maajabu.

Kwanza alikwenda soko la mitumba kuchagua kiti. Mtu wa kawaida hukitikisa kiti, akakaa, akainuka. Issack alikaa, akatoa picha, akaitazama, akafumba macho, akaanza kupiga taipu hewani. Vidole kumi vinacheza, mdomo unasoma: "Mheshimiwa bwana, naomba kwa unyenyekevu." Mwenye kiti aliita wenzake. Mmoja akasema asomewe kisomo cha kutoa jini. Mwingine akashauri wasimguse mpaka amalize barua.

Alichokipenda mwishowe ni kiti cha Land Rover iliyokufa, kile cha dereva, na chemchemi zake. Nakiri kilikuwa kizuri. Tulikikalia sote mtaani, zamu kwa zamu. Ila kilipofungwa juu ya punda pamoja na taipureta, punda alisimama akafikiri, kisha akaketi. Akawa ameketi yeye, na Issack amesimama. Walikaa hivyo mpaka alasiri.

Meza nayo alinunua ile ya kupigia pasi, ya miguu ya kukunja, kwa sababu inapanda na kushuka. "Ona, Mama Seituni," akanionyesha. "Nikichoka kukaa, nabiga nimesimama. Nikichoka kusimama, naishusha." Kumbe kushuka kwake hakukungoja ruhusa. Kila alipogonga nukta, meza ilishuka tundu moja. Alianza ombi la mzee mmoja akiwa amesimama wima kama askari wa gwaride, na kufikia "Wako mtiifu" alikuwa amepiga magoti. Mzee yule aliguswa sana, akadhani ndivyo maombi ya serikali yanavyoandikwa.

Mwavuli mkubwa wa biashara, wa kuzuia jua, ulichukuliwa na upepo siku ya kwanza ukaonekana mara ya mwisho ukivuka mto. Hema la turubai lilimpika. Kwa mwezi mzima uani kwao kukajaa vitu vya kubebeka ambavyo hakuna aliyeweza kuvibeba.

Ardo alivumilia. Ardo ni mwanamke mrefu, muuza maziwa ya ngamia, mwenye ulimi wa kukata kamba. Mungu hakuwajalia mtoto, na nadhani mgongo ule ulishika nafasi ya mtoto pale ndani. Siku moja aliona mumewe anapima bakuli la kuogea kama linaweza kukaliwa, akachoka. Akanyoosha mkono kuelekea paa la mabati.

"Chukua nyumba yangu," akasema.

Juu ya paa kulikuwa na fito zilizopindwa na mizigo ya mikeka. Ile ndiyo nyumba ya kuhamahama, wanaiita aqal. Ardo na marehemu mama yake waliishona kabla ya harusi, mikeka yenye pindo nyekundu ambazo mama yule alizibuni mwenyewe. Ukame ulipowaua ngamia wao, mtu na mkewe wakaingia mjini, na Ardo akauza kila kitu isipokuwa nyumba hiyo.

Issack aliitazama kama hajawahi kuiona. Ilibebwa na ngamia mmoja. Ilikuwa na kivuli, ilipitisha hewa, haikuogopa upepo. Kitanda chake cha fito kilifungwa kwa kamba, kwa hiyo kingeweza kupandishwa na kushushwa mpaka kilingane na picha. Mikeka iliyokunjwa ingeegemeza kiuno. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amelala chini ya ofisi yake.

"Lakini sikia," Ardo akamwambia, na akanigeukia mimi niwe shahidi. "Hii nyumba ni yangu, si ya yeye. Mimi nabatia yeye akae tu. Arudishe kama ilifyo."

Yeye asingekwenda, kwa sababu ya wateja wake wa maziwa. Basi Issack akaipakia nyumba kwenye lori la mifugo lililokuwa linarudi Wajir tupu, akapanda juu yake na taipureta mapajani, akatupungia mkono akiwa amenyooka vizuri.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwapiga makofi wote wawili, kwa sababu wote wawili walizaliwa porini na walijua. Kwa wafugaji wale, nyumba ni ya mwanamke. Yeye huishona, huisimamisha, huibomoa, huipakia. Mwanamume haigusi hata kamba. Mke akiachwa, hupakia nyumba yake akaondoka nayo, na mume hubaki na fimbo na jua. Kwa hiyo mwanamume akionekana anakuja na ngamia aliyebeba nyumba ya mkewe, na mke hayupo mbele akimwongoza ngamia, hakuna anayeuliza. Maana yake ni moja tu. Mwenye nyumba amekufa.

Miaka michache ya mjini, ya chai na mabati, iliwatoa hilo kichwani.

Yaliyotokea Buna nimeyapata kwa Naimo, binti wa Mzee Mustaf, ambaye ni msichana wa kusema kweli hata ukimwomba asiseme. Lori lilikwama mchangani karibu na Habaswein, likakaa siku nyingi. Issack alipofika Buna alikodi ngamia, akapakia, akatembea mpaka kwenye boma la Mzee Mustaf. Wanawake waliona ngamia kwa mbali. Wakaona pindo nyekundu. Wakamwona Issack peke yake mbele, ameshika kamba, ameinama. Wakaanza kulia kabla hajafika kwenye zizi.

Mzee Mustaf akamkumbatia. "Samir iyo iimaan," akamwambia, yaani subira na imani. "Ardo alikuwa mtoto wangu kabla hajawa mke wako."

Mtu mwenye akili angesema: Ardo gani? Ardo yuko Garissa anauza maziwa. Lakini Issack alihesabu mambo kwa njia yake. Yeye amekwama njiani siku zote hizo. Buna kuna taar, na habari hukimbia kuliko lori. Basi hawa wamepata habari ambayo yeye hajapata. Ardo amekufa nyuma yake. Akaiachia kamba ya ngamia.

"Lini?" akauliza.

"Usiulize siku, mwanangu," mzee akamjibu kwa upole, kwa sababu ni desturi kumzuia mfiwa asichimbue kidonda. "Kaa chini."

Wao walijua Ardo amekufa kwa sababu ya Issack. Issack alijua Ardo amekufa kwa sababu yao. Pande zote zilikuwa na ushahidi wa kutosha.

Wanawake wakaisimamisha nyumba wakilia. Waliisimamisha kwa heshima ya marehemu, kila kamba mahali pake, kila mkeka umevutwa. Kitanda wakakifunga kama alivyoelekeza kwa ishara. Akaketi. Na hapo, anasema Naimo, uso wake ulifanya kitu cha ajabu. Ulikuwa unalia, na kiuno chini yake kilikuwa kinashangaa. Viwiko vilikunjika vyenyewe. Nyayo zililala chini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mgongo wa Issack haukuwa na neno la kusema.

Alilia akiwa amenyooka. Watu waliokuja kumpa pole walikuwa ndio hao hao waliohitaji vitambulisho, na kwa kuwa wameshafika, walileta na shida zao. Alipiga taipu huku machozi yanadondoka kwenye mashine. Walichinja mbuzi. Walimletea maziwa. Kila jioni aliwaeleza habari za Ardo, alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akimtukana, na wazee walikubaliana kwamba hawajaona mjane mwanamume mwenye huzuni ya kunyooka hivyo.

Huku Garissa, sisi hatuna habari. Nilikuwa uani kwa Ardo tunachambua kunde, akaingia jirani yetu Rukiyo analia kwa sauti, shuka imeshuka kichwani. Alipomwona Ardo alisita. Lakini alikuwa ameshaanza kulia tangu chumba cha taar, na kilio cha namna ile hakikatiki ovyo, basi akaketi pembeni ya Ardo, akamshika bega, akaendelea.

"Nani amekufa?" Ardo akauliza.

"Wewe," Rukiyo akasema.

"Mimi nimekufa lini?"

"Sijui. Mzee Mustaf ametoa bole kwa taar. Watu wote Buna wamelia. Wallahi, Ardo, bole sana."

Nyuma yake wakaja wengine, wanawake sita, saba, na birika la chai. Ardo alisimama katikati yao akawafokea watoke. Mmoja wao akaniambia pembeni kwamba mshtuko wa msiba unamfanya mtu hivyo.

Tulikwenda chumba cha taar pamoja. Mwendesha redio alisema mstari umewekwa kwa wafiwa. Ardo akamwambia yeye ndiye mfu mwenyewe, ana haki kuliko wote. Yule mtu akafikiri, akampa kipaza sauti. Mzee Mustaf aliitwa upande wa pili.

"Adeer, mimi Ardo," akasema kwa Kisomali chao, ambacho mimi nakisikia vizuri; adeer ni baba mdogo. "Niko hai. Niko Garissa. Ova."

Redio ikakoroma. Sauti ya mtu yeyote ndani ya taar hutoka kama imefungiwa kwenye debe, na ya Ardo, akiwa na hasira, ilitoka vibaya zaidi.

"Kama wewe ni Ardo," mzee akajibu, "mama yako alizikwa wapi?"

"Nyuma ya kisima cha kusini, karibu na mgunga uliokatika. Ova."

Redio ikakoroma tena, kisha mzee: "Astaghfirullah. Na jini naye analijua hilo."

"Adeer!"

"Wewe usiyeonekana, waache watu wetu. Mume wa marehemu tumemsitiri. Ijumaa baada ya swala anapewa Naimo, ataishi naye ndani ya nyumba ya dada yake. Usije ukamsumbua." Redio ikazimwa.

Desturi hiyo wanayo. Mke akifa, jamaa zake humpa mume ndugu wa marehemu ili undugu usikatike. Ni jambo la heshima. Lakini sijawahi kuona heshima inayomfanya mwanamke kuwa na uso kama wa Ardo siku ile. Hakupiga kelele tena. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, "Mama Seituni, yeye atakubali?"

Nikamwambia hapana. Moyoni nilimwona Issack ameketi juu ya kile kitanda, na sikuwa na uhakika.

Tukapanda lori la sukari siku hiyo hiyo. Nilimwambia naenda kumsindikiza, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Juu ya magunia tulikuta abiria wa Buna, na msiba ndio ulikuwa mazungumzo. Mama mmoja alitusimulia jinsi marehemu Ardo alivyokuwa mkarimu. Ardo akatulia, akafurahi kidogo. Kisha mwanamume mmoja akasema, Mungu amrehemu, ila maziwa yake yalikuwa na maji.

"Maji gani?" Ardo akaruka. "Nani alikufa kwa maziwa yangu?"

"Dada, tunamsema marehemu."

"Marehemu hakutia maji hata tone!"

"Basi ulimjua vizuri," akasema yule bwana, akamsogezea gunia aketi.

Njia yote aliniuliza lile swali moja. Modogashe aliniuliza. Habaswein aliniuliza. Wajir, tulipokunywa maji ya kisima yenye chumvi, alisema: "Mimi simlaumu Naimo. Yeye mgongo wake ni mzuri bado." Nikamwambia anyamaze anywe maji.

Tulifika bomani Ijumaa watu wametoka kuswali. Nyumba ilikuwa imesimama peke yake kwenye uwanda, na lazima niseme ilikuwa nzuri. Mjini juu ya mabati ilionekana kuni. Tulikuja kwa nyuma yake. Wanawake walikuwa upande wa zizi na mtu hakutuona isipokuwa Naimo, aliyekuwa ameketi nyuma ya nyumba akisikiliza anavyoozwa. Alimtazama Ardo. Akafungua mdomo. Ardo akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, na msichana yule mwenye moyo wa chuma akasogea akatupa nafasi.

Ndani walikuwa Issack, Mzee Mustaf na wazee wengine wawili.

"Tumekupa siku za kutosha," mzee alikuwa anasema. "Ukimchukua Naimo, nyumba hii inabaki imesimama. Yeye ndiye atakuwa mwenye nyumba. Utaendelea na kazi yako, utaketi kama unavyopenda kuketi. Usipomchukua, hatukulaumu, lakini nyumba ni ya watu wa marehemu. Wanawake wataibomoa leo tuipakie. Unajua."

Ardo alinishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kwenye jua lile.

"Adeer," Issack akasema mwishowe, "sitakuficha. Sijapata kukaa kama ninavyokaa humu. Kama mngenipa nyumba hii peke yake, ningesema ndiyo bila kumaliza chai."

Nilisikia Ardo anavuta pumzi. Nikajiambia, haya, mgongo umeshinda.

"Lakini kila kamba humu ameifunga yeye kwanza. Hapa ninapoegemea, mkeka huu, aliushona akiwa na homa, na mimi nilikuwa nje nalalamika kwamba uji umechelewa. Mgongo hauumi tena, Adeer. Panauma mahali pengine, na pale hapana kiti. Naimo ni binti mzuri. Sitaki mtu mwingine aitwe mwenye nyumba hii. Ipakieni."

Naimo, nyuma ya nyumba, alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Nitawaita wanawake," Mzee Mustaf akasema.

"Hapana. Nitaibomoa mwenyewe."

"Wewe? Mbele ya watu?"

Hatukungoja kusikia zaidi kwa sababu nyumba ilianza kutikisika. Mtu yeyote anayejua aqal huanza juu, kwa mikeka ya nje, kisha kamba, kisha fito moja moja. Issack, ambaye alilala ndani ya nyumba zile tangu kuzaliwa, alianza na ufito mkubwa wa katikati. Akaukumbatia, akauvuta kwa nguvu zote za mfiwa.

"Si huo!" Ardo akapiga kelele.

Lakini ulikuwa umeshatoka. Nyumba ilikaa chini taratibu, kwa adabu, mikeka yote na pindo nyekundu, juu ya wazee watatu, taipureta na birika la chai. Chini ya mikeka zikaanza kusikika shahada. Walikuwa wameisikia sauti. Mzee mmoja alitambaa akatokea upande wa zizi, akamwona marehemu amesimama na viatu vyake mkononi, akarudi ndani akajifunika.

Ilichukua muda kuwashawishi. Wanawake walimgusa Ardo mikono, wakamgusa uso, wakacheka, wakalia upya kwa kilio kile kile kilichobaki. Mzee Mustaf ndiye aliyekuwa mgumu. Alimtazama kuanzia miguuni.

"Nimelia hadharani," akasema. "Mimi, na umri huu. Mbuzi amechinjwa. Nani atajibu haya?"

"Nilikuita kwa taar, Adeer."

"Uliniita kwa sauti mbaya," mzee akamwambia, akaondoka zake kwenda kwa ngamia, na niliona kabisa anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Issack alikuwa bado ameshika ule ufito. Hakumkaribia mkewe. Nadhani aliogopa kwamba akimkaribia atakuta hakuna mtu. Watu wakatuachia nafasi. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali.

Ardo akamwuliza jambo moja. Hakumwuliza juu ya Naimo.

"Walipokuambia nimekufa, kwa nini hukuja kwenye kaburi langu?"

Ningekuwa mimi ningedanganya. Ningesema lori halikupatikana. Issack alitazama chini, na safari hii si kwa sababu ya mgongo.

"Kwanza nilikuwa nimekaa vizuri," akasema.

Ardo aliinua kiatu. Nami nikainua changu.

"Halafu nikaogopa. Humu ndani nilikuwa nakungoja. Nikisikia nyayo nje nasema ni Ardo, ananiletea chai, atanitukana. Kila siku hivyo. Garissa ningekuta kaburi, ningejua. Sikutaka kujua."

Ardo akashusha kiatu. Aliitazama nyumba yake ilivyolala mchangani kama nguo zilizovuliwa. Kisha akajifunga leso kiunoni, akainama, akaanza kuzifungua kamba ambazo mumewe alizivuruga. Wanawake walikuja kumsaidia, akawazuia kwa mkono.

"Leta huo ufito," akamwambia Issack. "Shika hapa. Si hapo. Hapa."

Akashika. Wanaume wa Buna, waliokuwa wamekaa upande wa pili, waligeuza nyuso zao wasione mwanamume anasimamisha nyumba, na mmoja alisema kwa sauti kwamba bora angebaki mjane. Issack alisikia. Hakuachilia. Aliinama, akainuka, akashikilia, akaambiwa amekosea, akashikilia tena, mpaka alasiri, kwa sababu fundi alikuwa mmoja na msaidizi hakujua kitu. Mimi niliyekuja kutazama nilijikuta nalia, na nilikasirika sana.

Nyumba iliposimama Ardo aliingia ndani, akashusha mkeka wa mlango. Issack alisimama nje, mikono imechubuka, akangoja aitwe.